Bonde nalo lisikie: shajara ya kuomba leseni ya redio ya jamii

Januari, wiki ya pili

Mwaliko umetoka. Mamlaka ya mawasiliano itapokea maombi ya redio za jamii kwa eneo letu hadi mwisho wa Juni, kisha mlango unafungwa mpaka itakapotangaza tena. Tumeisubiri nafasi hii kwa muda mrefu. Tumekubaliana kila hatua iandikwe humu, ili kikundi kingine kitakachotaka kuanzisha redio yake kipate pa kushika.

Kilichotukalisha jioni nzima ni aina ya leseni. Mkataba wa Afrika wa Utangazaji uliopitishwa Windhoek mwaka 2001 unataja mafungu matatu: utangazaji wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Nchi nyingi, hata nje ya Afrika, zina mgawanyo unaofanana na huo, ingawa kila moja ina vipimo vyake. Marekani ilianzisha daraja la FM ya nguvu ndogo mwaka 2000 na kuliwekea kikomo cha wati 100. Uingereza ilitunga kanuni za redio ya jamii mwaka 2004. Mwenzetu mmoja alisimama imara kutetea leseni ya biashara, kwa hoja kwamba matangazo ya kulipiwa ndiyo yatakayolipa umeme. Hoja yake ina uzito. Lakini leseni ya biashara ingetupa wenye hisa, na mwenye hisa ana haki ya kudai faida. Sisi tunataka redio ambayo msikilizaji akiuliza mapato yamekwenda wapi, ajibiwe. Tumepiga kura: redio ya jamii.

Jambo la pili halikuhitaji kura. Vibali ni viwili, ingawa vinaombwa pamoja. Kimoja ni cha huduma ya maudhui: ninyi ni nani, mtatangaza nini, kwa ajili ya nani. Kingine ni cha masafa: mtambo utakaa wapi, antena ya kimo gani, nguvu kiasi gani. Wengi huanza na kile cha kwanza kwa sababu ndicho kitamu kukizungumzia. Sisi tunaanza na cha pili. Ramani ya usikivu ndiyo itakayosema redio hii ni ya nani hasa, hata katiba yetu iandike nini.

Februari, mwanzoni

Karatasi. Cheti cha usajili, katiba ya chama, majina na vitambulisho vya wajumbe wa bodi, taarifa ya umiliki, uthibitisho wa kodi, taarifa ya benki. Hakuna la kusimulia hapa isipokuwa moja: fomu inataka tamko kwamba hakuna kiongozi wa chama cha siasa katika bodi. Mjumbe wetu mmoja anashika nafasi katika tawi la chama chake. Ameandika barua ya kujiuzulu bodi kabla hatujamwomba, akabaki kuwa mwanachama wa kawaida. Namshukuru hapa kwa maandishi.

Februari, mwishoni

Tumepita vitongoji vyote vya eneo linaloombewa, tukiwa na dodoso fupi. Mamlaka inataka ushahidi kwamba redio inahitajika, na barua za kuunga mkono pekee hazitoshi, kwa sababu barua za namna hiyo huandikwa kwa mkono mmoja na kusainiwa na wengi. Tumeuliza mambo manne: unasikiliza nini sasa, kwa chombo gani, saa ngapi, na ni taarifa ipi uliyoikosa mwaka uliopita ikakugharimu.

Swali la mwisho ndilo lililoleta majibu. Watu wa bondeni, kando ya mto, wamejibu karibu kwa sauti moja: taarifa ya maji. Mvua hunyesha juu, mto hujaa chini, na habari hufika kwao pamoja na mafuriko. Wengi wao wana redio ndogo za betri, au simu za kawaida zenye redio ndani yake. Mtandao wa simu bondeni ni wa kubahatisha. Nimewaomba wenzangu tuandike hili mwanzoni kabisa mwa maombi: redio inayoombwa hapa ina kazi moja inayopimika, nayo ni kusikika bondeni usiku wa mvua.

Machi, wiki ya kwanza

Leo tumepanda mlima wa minara na mhandisi mshauri. Kila mtu alidhani mtambo utakaa hapo. Barabara ipo, umeme upo, mnara wa kukodi upo, na kituo kimoja cha FM kinarusha matangazo kutoka hapo kwenye 98.7. Kutoka kileleni unaona nusu ya eneo letu. Bonde huoni. Kati ya mlima na mto kuna ukingo mrefu wa miamba, na vitongoji vya mtoni viko nyuma yake.

Mhandisi hakusema neno pale juu. Alirudi ofisini, akachukua data za miinuko zilizokusanywa na chombo cha anga za juu mwaka 2000, zile zinazoitwa SRTM, ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua bure, akachora mkato wa ardhi kutoka kileleni hadi mtoni. Mstari mnyoofu kutoka kwenye antena unagonga ukingo na kuishia hapo.

Naeleza hesabu yake kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mradi wote.

Nguvu ya mawimbi ya FM mahali fulani hupimwa kwa desibeli za mikrovolti kwa mita, katika kimo cha mita 10 kutoka ardhini. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linaloitwa BS.412 linataka angalau 54 vijijini kwa matangazo ya stirio, 66 mjini, na 74 katika miji mikubwa. Kwa mono, yaani sauti ya njia moja badala ya mbili za stirio, kijijini inatosha 48. Sasa, transmita ya wati 300 haitoi wati 300 hewani. Kwa kebo ya nusu inchi yenye urefu wa mita 50 unapoteza takribani desibeli 1.1, na viungio na kigawanyio vinakula nyingine kama 0.4. Antena ya dipoli mbili zilizopangwa wima inarudisha kama 3. Jumla yake ni nguvu ya mnururisho ya wati 425 hivi. Kwa nguvu hiyo, kama pasingekuwa na ardhi wala kizuizi chochote, umbali wa kilomita 20 ungepata desibeli 77. Hiyo ni akiba kubwa juu ya 54, na ndiyo maana watu huamini kwamba wati 300 zinatosha popote.

Ardhi ipo, lakini. Nyuma ya ukingo ule hasara ya kivuli, ukijumlisha na hasara za kawaida za njiani, inaishusha namba hiyo chini kabisa ya 48. Mwenzetu akauliza kwa nini tusiongeze nguvu. Mhandisi akamjibu kwa namba tupu: kupanda kutoka wati 300 hadi wati 3,000 kunaongeza desibeli 10, basi. Kivuli kinameza zaidi ya 20. Ungehitaji mtambo wa nguvu zaidi ya mara mia moja, na bado mamlaka isingekuruhusu, kwa sababu upande usio na kivuli ungefunika maeneo ya vituo vingine.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha Mama Mwenyekiti akasema, “Basi mlima huo si wetu. Tutafuteni pengine panapoliona bonde.”

Machi, wiki ya tatu

Kuna tuta refu upande wa kusini, chini kwa kimo kuliko mlima wa minara, lakini linatazama pande zote mbili: bonde upande mmoja, vitongoji vya juu upande mwingine. Mhandisi amepiga hesabu tena kwa njia ya pendekezo la ITU namba P.1546. Njia hii haiangalii kimo cha mnara pekee. Inachukua wastani wa ardhi iliyo kati ya kilomita 3 na 15 kutoka kwenye mnara, kila upande kivyake, na kupima antena imepanda kiasi gani juu ya wastani huo. Kwa mnara wa mita 45 juu ya tuta, mstari wa desibeli 54 kwenye ramani unalizunguka bonde karibu lote. Unakatika sehemu ya juu tu, mto unapopita kwenye korongo jembamba.

Gharama ya uamuzi huu ni kubwa na sitaki kuificha. Kwenye tuta hakuna mnara, hakuna umeme, na njia ni ya miguu kwa sehemu ya mwisho. Tunaongeza kibali cha ujenzi, kibali cha usafiri wa anga, tathmini ya mazingira na mtambo wa sola juu ya maombi ambayo tayari ni mazito. Mhasibu wetu aliomba tuwe na mjadala wa wazi, na tulikuwa nao. Mwisho wake tulikubaliana kwamba redio isiyofika bondeni haina sababu ya kupewa masafa ya umma, wakati tayari kuna kituo kinachosikika huku juu.

Machi, mwishoni

Kutafuta masafa. Bendi ya FM katika sehemu kubwa ya dunia inaanzia megahezi 87.5 hadi 108, kwa hatua za kilohezi 100, na kwa Afrika na Ulaya mpango wake ulikubaliwa Geneva mwaka 1984. Kila kituo kina mstari wake katika mpango huo. Ukitaka kuingia, unathibitisha kwamba hutamwumiza aliyetangulia.

Mhandisi alikuwa na masafa mawili yaliyoonekana wazi. Ya kwanza, 104.5, aliyakata kwa kalamu nyekundu. Nikamwuliza sababu. Akaandika hivi kwenye daftari langu:

104.5 × 2 = 209.0
209.0 − 98.7 = 110.3

Mawimbi ya mitambo miwili yanapokutana kwa nguvu, ama ndani ya transmita zenyewe ama ndani ya kipokezi cha ndege inayopita juu, huchanganyika na kuzaa masafa ya tatu. Ukizidisha moja mara mbili na kutoa jingine, unapata mojawapo ya masafa hayo. Hapa linaangukia 110.3. FM inaishia 108, na kuanzia hapo ni mali ya ndege: kati ya 108 na 112 ndipo zilipo ishara zinazomwonyesha rubani anayetua kwamba yuko katikati ya mstari wa njia ya kurukia au amepotoka kushoto ama kulia. Na 110.3 ni chaneli halisi ya ishara hizo. Kuhamia kwenye tuta kungepunguza mchanganyiko ndani ya transmita, kwa kuwa mitambo haitakuwa mlima mmoja, lakini ndege iliyo juu ingeyapokea yote mawili kwa nguvu. Mtu anayeomba masafa anapaswa kuifanya hesabu hii mwenyewe kabla hajaambiwa na mamlaka.

Masafa ya pili ni 101.1. Mara mbili ukitoa 98.7 unapata 103.5, na 98.7 mara mbili ukitoa 101.1 unapata 96.3. Yote yako ndani ya bendi ya FM, na yote hayana kituo karibu. Mhandisi amekagua pia kwamba hakuna kituo chenye nguvu hapa kilicho mbali nasi kwa megahezi 10.7, kwa sababu redio nyingi za FM hutumia masafa hayo ndani yake kuchakata sauti, na tofauti hiyo kati ya vituo viwili huleta kelele. Akaangalia na mwangwi wa mara mbili, yaani mawimbi ya ziada ambayo mtambo huzaa kwenye mara mbili ya masafa yake: 202.2, eneo la televisheni na redio za kidijitali katika nchi nyingi. Kwa hiyo chujio la mwangwi limeingia kwenye orodha ya vifaa.

Tunaomba 101.1.

Aprili

Mwezi wa ardhi na vibali. Familia yenye tuta imekubali kutukodisha eneo dogo kwa mkataba wa muda mrefu, na hati yao ina viwianishi vya mipaka. Fomu ya mamlaka inataka viwianishi vya mnara katika mfumo wa WGS84, ule unaotumiwa na GPS. Mpima ardhi alipoweka namba za hati kwenye ramani ya setilaiti, nguzo ya mpaka ilitokea kwenye mteremko wa pili, mamia ya mita kutoka mahali ilipo. Hati ni ya zamani na ilipimwa kwa mfumo wa ramani wa wakati ule. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja katika mfumo wake. Amezibadilisha, akasimama juu ya nguzo yenyewe na kipimo chake, akathibitisha. Nashauri kila mwombaji afanye hivi mapema, kwa kuwa namba hiyohiyo moja inaingia katika fomu ya masafa, ya usafiri wa anga, ya ujenzi na ya mazingira. Zikitofautiana, ofisi moja itakurudisha kwa nyingine.

Usafiri wa anga: mnara wa mita 45 juu ya tuta unahitaji taa nyekundu usiku na mikanda ya rangi nyekundu na nyeupe. Wametujibu haraka.

Mazingira: afisa aliuliza swali ambalo watu wa bondeni nao waliuliza, kama mawimbi yatawadhuru. Swali hili linastahili jibu lenye namba, tena mbele ya kila mtu, kwa hiyo mhandisi alilijibu kwenye mkutano wa hadhara. Kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida katika bendi ya FM ni volti 28 kwa mita. Kwa wati 425 za mnururisho, ukisimama mbele kabisa ya antena, kikomo hicho kinafikiwa mita 5 hivi kutoka kwenye antena. Antena yetu iko mita zaidi ya 35 juu. Aliye chini ya mnara yuko salama. Fundi anayepanda lazima azime mtambo kwanza. Hilo la fundi tumeliandika kuwa kanuni ya kituo, na ufunguo wa kuzimia atapewa anayepanda, aende nao juu mfukoni mwake.

Umeme: transmita ya wati 300 inavuta kama 450 hadi 500. Ukipiga 500 kwa saa 24 ni yuniti 12 kwa siku, mbali na kiungo cha studio na taa za mnara. Sola lazima ibebe hilo pamoja na siku za mawingu, ambazo ndizo hasa siku za mvua tunazozihitaji. Betri zimekuwa kubwa kuliko tulivyofikiria wote, na hatuzipunguzi.

Na kiungo cha studio. Studio iko katikati ya vitongoji, mtambo uko kwenye tuta, na sauti inasafiri kati yao kwa mawimbi. Mawimbi hayo nayo yanahitaji kibali chake na fomu yake. Wasiojua hili hupata leseni ya FM halafu wakakwama.

Mei

Ratiba ya vipindi, sera ya uhariri, bajeti.

Ratiba ya wiki nzima imejazwa saa kwa saa. Hatukuijaza kwa vipindi tusivyoweza kuvitengeneza. Saa chache zenye watu wetu wenyewe, marudio yaliyotajwa waziwazi kuwa ni marudio, na muziki. Mamlaka ikikupa leseni kwa ratiba hiyo, ratiba inakuwa sharti, na mwaka wa pili utaulizwa kipindi cha afya kiko wapi.

Sera ya uhariri ilichukua muda mrefu kuliko ratiba. Haki ya kujibu kwa anayetajwa vibaya. Namna ya kusahihisha hewani. Nani anapokea malalamiko, na ndani ya muda gani. Rekodi za matangazo yote zihifadhiwe: Uingereza inazitaka redio zake zihifadhi kwa siku 42, na sisi tumejipangia zaidi ya hapo, maana diski ni rahisi kuliko kesi. Kuhusu taarifa za dharura tumeandika ukurasa mzima. Nani ana mamlaka ya kukatiza kipindi, taarifa inathibitishwa na nani, na kama haijathibitishwa itangazwe kwa maneno gani. Mtangazaji aliye peke yake studio saa nane usiku hapaswi kubuni maneno hayo.

Bajeti nimeiacha kwa mhasibu, na ameifanya vizuri. Ameweka fungu la kuendesha kituo mwaka mzima bila tangazo hata moja la kulipiwa.

Mei, mwishoni

Amekuja mtu mwenye maneno mengi, anasema ana watu wake “ndani” na kwamba faili letu linaweza kutangulia. Bodi imekataa, na imeandika kwenye muhtasari kwamba imekataa.

Juni

Tumewasilisha. Nakala zote zimegongwa muhuri, na risiti ipo kwenye faili.

Agosti

Muhtasari wa maombi umetangazwa kwa umma ili wenye pingamizi waseme. Limekuja moja: kituo kilicho kwenye 101.3, katika eneo la jirani, kinasema tutawaharibia wasikilizaji wao wa pembezoni.

Pingamizi ni haki yao, na nililisoma kwa makini kwa sababu siku moja sisi ndio tutakuwa tunalinda wasikilizaji wetu. Tofauti ya masafa ni kilohezi 200. Kwa stirio, BS.412 inataka ishara ya kituo kilichopo iizidi ishara ya mgeni kwa desibeli 45 kama wote wako kwenye masafa yaleyale, 33 wakitofautiana kwa kilohezi 100, na 7 tu wakitofautiana kwa 200. Hapo ndipo hitaji linaposhuka ghafla. Mhandisi alichukua kipimo, tukaenda naye hadi mahali hasa palipotajwa kwenye barua yao. Ishara yao ilikuwa 58. Ishara yetu ilikokotolewa kuwa 44 hapohapo. Tofauti ni 14, mara mbili ya desibeli zinazotakiwa. Tumepeleka ramani, vipimo na picha za kipimo kikiwa mahali pale, pamoja na ahadi kwamba tukianza majaribio tutapima tena nao wakiwepo. Nakala tumewapelekea wao wenyewe moja kwa moja, na mhandisi wao amepiga simu kushukuru.

Oktoba

Usaili mbele ya kamati. Tuliitwa wanne: Mama Mwenyekiti, mhandisi, mhasibu na mimi. Maswali ya kiufundi yalikuwa mafupi, nadhani kwa sababu majibu yake yalikuwa tayari kwenye karatasi. Walitaka kujua kwa nini tumeacha mlima wenye mnara tayari. Mhandisi aliweka mezani mikato miwili ya ardhi, mmoja kutoka mlimani na mwingine kutoka kwenye tuta, hakuongeza mengi.

Kisha mjumbe mmoja akamgeukia Mama Mwenyekiti. “Mama, wakati wa uchaguzi mgombea atakuja na hela mkononi, anataka saa nzima. Na kituo kina deni la betri. Mtafanyaje?”

Mama hakuangalia karatasi. “Atapewa dakika zilezile watakazopewa wenzake, na ataulizwa maswali na watu wa kitongoji anachokiomba kura. Hela yake arudi nayo. Deni la betri ni letu, tumeliandika ukurasa wa bajeti, na halilipwi na mgombea.”

Mjumbe akaandika kwa muda mrefu.

Desemba

Barua ya kusudio la kutoa leseni imefika. 101.1 ni yetu kwa masharti: nguvu ya mnururisho isizidi tuliyoomba, masafa yasitoke nje ya kilohezi 2 kutoka mahali pake, mkengeuko wa mawimbi, yaani kiasi ambacho sauti huyayumbisha masafa, usizidi kilohezi 75, mtambo uwe umethibitishwa aina yake, na tuwe hewani ndani ya miezi 12. Leseni kamili ya masafa inasubiri ukaguzi. Wakati huohuo mamlaka imepeleka taarifa zetu Geneva, ili nchi jirani zizione katika taarifa za masafa ambazo ITU hutoa kila baada ya wiki mbili. Hii ni kazi ya serikali kwa serikali, mwombaji hana la kufanya isipokuwa kuhakikisha namba alizotoa zilikuwa sahihi.

Nilisoma barua kwa sauti kwenye mkutano wa kitongoji cha mtoni. Watu waliuliza tarehe. Sikuwapa tarehe, niliwasomea masharti.

Machi, majaribio

Mnara umesimama, taa zinawaka, sola inabeba. Mamlaka imeturuhusu kurusha muziki na utambulisho wa kituo pekee. Wakaguzi wamekuja na vifaa vyao: masafa yako mahali pake, mwangwi kwenye 202.2 uko chini ya kikomo, mkengeuko hauzidi. Wenzetu wa 101.3 walikuwepo kama tulivyoahidi. Mahali pale penye pingamizi ishara yetu ilisoma 42, chini kidogo ya tulivyokokotoa.

Kisha tukateremka mtoni na gari la vipimo. Kwenye daraja, 61. Mbele ya zahanati, 58. Kitongoji cha mwisho kabla ya korongo, 55. Ndani ya korongo, nyumba chache za juu kabisa, 49. Hapo stirio ina mkwaruzo wa kelele, mono inasikika wazi. Mkaguzi ameandika namba zote bila kupunguza, nasi tumesaini.

Tumeamua mambo mawili papo hapo. Kituo kitaanza kwa mono hadi tutakapomaliza suala la korongo, kwa kuwa sauti ya mtu anayetoa taarifa haihitaji stirio. Na maombi ya mtambo mdogo wa kurudisha matangazo kwa ajili ya nyumba zile yanaandaliwa sasa, kama marekebisho ya leseni. Utahitaji masafa yake wenyewe, kwa hiyo mhandisi ameanza tena na daftari, anatafuta namba ambayo ukiizidisha mara mbili na kutoa 101.1 au 98.7 haiangukii kwa ndege. Mpima ardhi anakwenda korongoni Alhamisi.